Viatu Vyenye Magaga

Mwandishi wa makala haya hajapata kuteleza tangu aache kutambaa. Amezaliwa Changamwe, amesoma hadi kidato cha nne, na nyayo zake zinaijua pwani kama ulimi unavyoyajua meno. Hilo lieleweke mapema, kabla hatujafika kwenye ubao.

Ni Ijumaa, saa moja asubuhi. Ndani ya kibanda cha makuti karibu na kivuko cha Likoni, Fundi Mwarandu anamimina maji ya bamia juu ya ubao. Anayapaka kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Ubao umetoka kwenye mashua iliyovunjwa. Ameupaka rangi nyeupe na kuuinamisha juu ya mawe.

"Hii ndiyo sitaha ya mashua ya mashindano," anasema. "Imelowa, imelala upande, na mwenyewe hataki kuona doa. Kiatu kisichopita hapa hakitoki kibandani kwangu."

"Hata hivi vyangu, Fundi?" mwandishi anauliza, akinyoosha mguu. Ni viatu vya ngozi, soli mpya, vinang'aa.

Fundi anavitazama. "Hivyo vya kuendea ofisini."

"Nimevinunua dukani, Salim Road."

"Basi panda, bwana mdogo. Salim Road ikushike."

Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Ya pili haihusiani na habari hii. Mahojiano yakaendelea, mwandishi akiwa amevaa kikoi cha kuazimwa, kwa sababu zake mwenyewe.

Mwarandu ana miaka arubaini na mitano. Kwa miaka kumi na tisa ameshona makubadhi ya mpira wa gari kwa wachukuzi wa bandari ya Kipevu, shilingi mbili jozi, na wengi wao humlipa kwa awamu mbili: leo na inshallah. Mwaka huu wa 1962, vibanda vyote vya kivukoni vinazungumza uhuru. Kibanda cha Mwarandu kinazungumza soli.

Chanzo ni shemeji yake, Rama, mume wa dada yake Nyamvula. Rama alikuwa baharia kwenye mashua ya mashindano ya Mzungu mmoja, daktari wa meno. Miaka miwili iliyopita mashua iligeuka ghafla, Rama akateleza, mguu wake wa kulia ukabanwa baina ya kamba na chuma. Vidole viwili vilikatwa hospitalini.

"Zamani nilikwenda pekupeku kama wenzangu wote," anasema Rama, mtu mrefu, mpole, ambaye sasa analinda ghala usiku. "Lakini mguu usiokamilika vidole haushiki, bwana. Nilijaribu. Daktari akaniambia, 'Rama, nenda kapumzike.' Mimi nilikuwa na miaka thelathini na moja. Napumzika vipi?"

Mwezi uliopita alikwenda kumwomba tena. Daktari akakubali siku moja tu: mashindano ya Jumamosi. Akiteleza, asirudi. Jumamosi hiyo ni kesho.

Mwarandu alianza na kosa ambalo ni fundi wa makubadhi tu angeweza kulifanya. Alimkatia shemeji yake soli za gurudumu la lori. Zilishika kama kupe. Rama alikwenda kuzijaribu mashua ikiwa imefungwa gatini. Hakuteleza hata kidogo, ila kila alipokanyaga aliacha mstari mweusi juu ya sitaha nyeupe. Mchana kutwa alipiga magoti akisugua kwa sabuni, daktari amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Mimi miaka yote naangalia kiatu kimfanye nini mtu," Mwarandu anasema. "Sikupata kuuliza kiatu kinaifanya nini sakafu. Wachukuzi hawana sakafu ya kuharibu."

Akavuka kwenda kisiwani, akanunua mpira mweupe. Huo haukuacha alama. Lakini uliteleza ubaoni kama samaki.

Jibu lilikuwa nyuma ya kibanda. Nyamvula ni dobi. Kutwa yuko pekupeku juu ya saruji iliyojaa povu, ndoo mkono huu, shuka mkono huu, na hakuna aliyepata kumwona akiyumba. Siku moja Mwarandu akamwambia, "Dada, hebu inua mguu." Akakitazama kisigino: magaga matupu, yamepasuka huku na huku kama udongo wa kiangazi.

"Nikadhani anataka kuninunulia mafuta," anasema Nyamvula. "Kumbe ananiibia!"

Mwarandu alichukua wembe, akaichanja soli nyeupe mistari myembamba, ya kukingama, ukaribu wa punje ya mchele. Mguu ukikanyaga, mistari inafunguka na maji yanapata pa kupita. Mpira unabaki umeshika ubao.

"Watu wakiniuliza nitamwambia kila mmoja," Nyamvula anasema. "Hayo ni magaga yangu, nyinyi mnayavaa tu."

Soli si mwisho wa mambo. Mwarandu hampimi mteja kabla hajakaa na miguu kwenye beseni la maji kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. "Mguu mkavu unakudanganya," anaeleza. "Baharini utavaa ukiwa umelowa." Kisigino lazima kikamatwe barabara. Mbele pafungwe, chuma kisipate kidole. Ubavuni pawe na matundu ya kutolea maji. Na ncha za kamba za kiatu zifichwe, zisije zikashikana na kamba za tanga.

Sasa Rama anafunga viatu vyake, anapanda ubao, anashuka, anapanda. Mara tatu. Mwarandu anainama kutafuta alama. Hakuna. Lakini hatabasamu.

"Ubao hauna upepo," anasema.

Jumamosi, mwandishi, Mwarandu na Nyamvula wamesimama juu ya miamba ya Shelly Beach. Nyamvula amemvisha mumewe fulana nyekundu ili amwone. Mashua tisa zinakuja kwenye boya, zimelala upande. Ile ya daktari inageuka. Tanga linavuka kwa kishindo, mabaharia wanakimbilia upande wa pili, na mmoja wao, mwenye viatu vya dukani, anakaa chini bila kupenda na kuserereka hadi ukingoni.

"Ni yeye?" Nyamvula amefumba macho. "Kaka, ni yeye?"

"Fungua macho, dada. Mwekundu amesimama."

Amesimama kweli, na kwa mkono mmoja amemshika mwenzake ukosi.

Mashua ilimaliza ya tatu. Rama anasimulia kwamba gatini daktari alitoa kitambaa, akapiga magoti, akakagua sitaha shubiri kwa shubiri, kama anayetafuta jino bovu. Kisha akainuka na kusema, "Jumamosi ijayo, saa mbili." Rama alirudi Likoni hajavua viatu, na wallahi, anasema Nyamvula, alitaka kulala navyo.

Jumatatu daktari mwenyewe alivuka na kuagiza viatu vya mabaharia wake wote sita, na vyake. Alipewa beseni.

Mwarandu anasema mipango yake si mikubwa. Anataka kupata ubao wa pili, wenye mteremko mkali zaidi, na amfundishe Rama kuchanja soli, ili siku bahari itakapomchoka awe na kazi ya kukaa. "Na kama uhuru ukija," anasema, "watu wetu watanunua mashua zao. Watahitaji viatu."

Makala yangeishia hapo, pazuri. Lakini Fundi alikataa yaende gazetini kabla ya kusomwa mbele yake. Kitu hakitoki kibandani hivi hivi, alisema. Mwandishi akasoma kwa sauti, tangu mstari wa kwanza.

Hakufika wa pili. Nyamvula aliweka ndoo chini.

"Hajapata kuteleza?" alisema. "Na ile suruali niliyoifua Ijumaa, ina bamia kuanzia kiunoni hadi mgongo wa goti, ilikuwa ya nani?"

Rama alitazama pembeni. Mwarandu alitazama ubao.

"Ulipiga kelele mpaka kuku wakaruka," Nyamvula akaendelea. "Ukaniambia, 'Shikamoo mama,' hali umelala chali."

"Dada Nyamvula, hayo si ya gazetini."

"Yaandike, mwanangu. Kisha vua hivyo vya Salim Road, beseni lina maji."