Nilivyompa Bondia Ukubwa kwa Mdomo Wangu

Mwanangu alikaa wiki saba bila jina, na sababu ni ngumi. Si ngumi za nyumbani. Mume wangu hajawahi kuniinulia mkono, na namshauri asijaribu. Ni ngumi za mwanamume mmoja wa ng'ambo, bondia wa uzito wa juu, mtu asiyejua kama Miyuji, mtaa wetu, ipo duniani.

Ilianza siku ya tatu baada ya kujifungua. Nimelala ubavu, nyuzi zinanivuta, mume wangu akaingia na bakuli la supu, akanipangia mto, akaniuliza kama nasikia baridi. Nikajua kuna jambo. Akasema jina la mtoto ameshapata. Alipolitaja nikadhani anazungumzia pikipiki, maana jina hilohilo limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye madigadi ya bodaboda yake tangu hajanioa.

"Unataka mtoto wangu awe mdogo wake pikipiki?"

"Ni jina la mtu mkubwa, mama."

Angesema mtoto aitwe jina la baba yake mzazi, ningenyamaza. Ndiyo utaratibu, mtoto wa kwanza wa kiume anabeba jina la babu upande wa baba. Lakini yeye mwenyewe alimruka baba yake akaenda kuangukia kwa bondia. Nikaona kama nafasi iko wazi, basi nami nina mtu wangu. Baba yangu alikuwa fundi wa kutengeneza njia ya reli kule Zuzu, amefariki mwaka juzi, na ametuacha mabinti wanne. Asipolibeba mtoto wa mmoja wetu, jina lake linabaki kwenye msalaba wa kaburi tu, nao umeshaanza kuliwa na mchwa.

"Litakuja kwa mtoto wa pili," akasema mume wangu.

Wa pili! Mtu ambaye nyuzi zake bado hazijatoka anaambiwa habari za wa pili. Supu ile sikuinywa. Nilikunywa alipotoka.

Na wala si mtoto peke yake. Huku kwetu ukishazaa unapokonywa jina lako, unabaki Mama Fulani mpaka uzikwe. Maana yake maisha yangu yote, sokoni, kanisani, kwenye vikao vya harusi, ningekuwa mama yake bondia.

Nilipomaliza arobaini nikatoka kwenda dukani kununua sabuni, mtoto mgongoni, jua la saa sita. Njia inapita kijiweni kwao. Walikuwa watano juu ya pikipiki zao, mume wangu katikati, wote wakaniamkia kwa pamoja kwa hilo jina. Mama Bondia, kasoro wao walilitaja jina lenyewe. Mtu mwenye akili angecheka akapita. Mimi nilisimama.

"Huyo mtu wenu," nikasema, "amempiga nani?"

Wakatazamana kama nimeuliza nani kaumba mbingu. Mmoja wao, mwembamba, ana sauti kuliko mwili, akashuka kwenye pikipiki yake kabisa.

"Shemeji, yule ni mkubwa wa zama zote. Mkanda kauchukua mara mbili! Wewe umeshawahi kupigana?"

"Nimezaa."

"Hiyo si ngumi."

"Kazae wewe kwanza, ukirudi tuzungumze."

Wakapiga honi. Mume wangu akaona anaaibika mbele ya wenzake, akatoa pendekezo kwa sauti ya mwenyekiti wa mtaa. Mzee wetu anakuja Jumapili kutoka Bahi kumwona mjukuu. Tubishane mbele yake. Nikithibitisha kwamba bondia si mkubwa wa zama zote, mtoto anachukua jina la baba yangu. Nikishindwa, nifunge mdomo mpaka mtoto aoe.

"Nimekubali!" nikasema, wote wakiwa mashahidi.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani, nakata kitunguu, ndipo nikaelewa nilichokubali. Mzee wetu ni baba mkwe wangu. Mbele ya baba mkwe mimi sikai kwenye kiti, sili naye, simtazami usoni, sipazi sauti. Mume wangu alikuwa amenipeleka mahakamani kwa hakimu ambaye mbele yake naruhusiwa kusema "shikamoo baba" na "chakula tayari". Nililia, nikasingizia kitunguu.

Lakini hasira ni mwalimu mzuri kuliko wale walionifundisha. Wiki nzima kila mtoto akinyonya, simu iko mkononi na bando linateketea. Nilitazama mapambano yake yote, mengine mara mbili. Nilitoa daftari langu la historia la kidato cha nne, lililokuwa na kurasa nyingi tupu kuliko zilizoandikwa, nikaandika hoja kwa namba. Kwamba wapinzani wake wa mwanzo walikuwa watu walioletwa kuja kuanguka. Kwamba alimkwepa mpinzani wake wa kweli mpaka yule akazeeka. Kwamba jina lake limekuzwa na midomo ya watangazaji. Historia nilipata D. Ningeisoma hivyo, leo pengine ningekuwa afisa fulani kwenye majengo ya serikali, nina kiyoyozi na mume mwenye akili.

Tatizo ni kwamba ukimtazama mtu wiki nzima unaanza kumzoea. Kuna siku mume wangu alinikuta nimeshika mdomo, machozi yananilengalenga, nikamwambia mtoto kaning'ata. Mtoto wa wiki sita, hana hata jino.

Jumapili mzee akafika na mchele na kambale wakavu. "Mbukwenyi!" akatuamkia kwa kilugha tangu getini. Tukamkaribisha uani, akakalia kiti chenye mgongo, nikaandaa ugali wa uwele na mlenda, nikarudi kukaa mkekani pembeni nimempa ubavu, mtoto mapajani. Mume wangu akasubiri baba yake anawe, akamweleza shauri lote. Mzee akauliza swali moja.

"Huyo mtu ni wa wapi?"

"Wa mbali, baba. Ng'ambo."

"Ana ng'ombe?"

Mume wangu akasema hajui, akaendelea. Aliongea kama mhubiri: mikanda, raundi, watu waliobebwa kwa machela. Mzee akatafuna na kutikisa kichwa. Kisha mume wangu akakaa, akanitazama kwa huruma ya mtu aliyeshinda.

Nikainamia mtoto.

"Mwanangu," nikamwambia, "mwambie babu yako kwamba hao waliobebwa kwa machela walikuwa wazee na walevi."

Ni njia ya halali, wanawake wa kwetu wameitumia toka zamani, ila nadhani kwa mambo ya chumvi na kuni. Mzee akaacha kutafuna. Naye akamjibu mtoto.

"Mjukuu wangu, muulize mama yako alijuaje."

"Mwambie babu nimewatazama wote, mmoja mmoja."

Mume wangu akataka kuingilia, mzee akamnyooshea kidole chenye ugali. "Wewe umeshasema. Mwache mtoto aseme."

Ah, nilinoga! Nilimsemesha mtoto yule hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila hoja niliona uso wa mume wangu ukisinyaa. Ningenyamaza pale, kesi ingekuwa imekwisha na baba yangu angekuwa na wajina. Lakini nilikuwa nimebakiza ushahidi mmoja niliouona mzito kuliko yote, wa pambano alilopoteza. Mkubwa wa zama zote gani anaangushwa mara tatu usiku mmoja?

"Mwambie babu," nikasema, "raundi ya pili aliangushwa. Akainuka. Raundi ya tano akaangushwa tena, jicho limefumba, damu mpaka kifuani. Mwamuzi anahesabu, anafika saba, anafika nane, na huyu mtu amepiga magoti hivi, anatafuta kamba kwa mkono kama kipofu..."

Sijui nilimlaza mtoto saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimesimama, kanga imeniporomoka kiunoni nimebaki na sketi, namtazama baba mkwe machoni, nampigania bondia wangu. Nimesema wangu. Nilionyesha alivyoinuka mara ya tatu, alivyokataa kumkumbatia mwenzake ili apumzike, alivyorusha mkono wa kushoto ule, na mkono wangu wa kushoto ukalikuta bakuli la mlenda juu ya meza. Mlenda ukipata mwendo hausimamishwi na mtu. Ulimvaa mzee kuanzia kwenye koti la kanisani mpaka viatuni, ukaanza kushuka taratibu, unavutika, na mimi nimeganda na ngumi hewani.

"Akapigwa?" mzee akauliza. Hakujifuta.

"Alimaliza raundi zote, baba. Kwa pointi akashindwa."

"Lakini amesimama."

"Amesimama, baba."

"Mara tatu."

"Tatu."

Mzee akavuta pumzi ndefu. Akasema amefuga miaka mingi, ameona mafahali wenye sifa, na fahali akishaangushwa mbele ya kundi hurudi nyuma, hamsogelei tena jike. Mtu wa kuanguka mara tatu mbele za watu akasimama, huyo yeye hajamwona. "Ni mkubwa," akasema. "Tena mama ameeleza vizuri kuliko wewe."

Mume wangu hakuruka wala kushangilia. Alikwenda kuleta maji na kitambaa, akapiga magoti akamfuta baba yake viatu, mabega yanamtikisika. Mpaka leo anaapa alikuwa anakohoa.

Mimi nilimchukua mtoto pale mkekani nikaingia ndani, nikamwomba radhi babu yake wa Zuzu kimoyomoyo. Nilimwambia ukweli, kwamba kesi yake niliishika, nikaiona imeiva, nikaimwaga mwenyewe pamoja na mboga. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sikuwa na wa kumtupia. Nilijitakia mwenyewe.

Jumanne nikaenda kliniki. Fomu nilijaza mwenyewe kwa sababu mume wangu ana mwandiko wa kuku. Jina la kwanza: hilo. Nilibana herufi vizuri, nikitazama kama kuna nafasi ya kupachika jina la baba yangu katikati, nikalipachika, dogo, bila kumuuliza mtu. Muuguzi akasoma jina la kwanza, akacheka, akauliza ndiye yule bondia? Nikasema ndiye.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja mnene, anampepea binti yake kwa kadi. Akaguna.

"Yule? Yule si walimwangusha mara tatu? Jina la mtu wa kuanguka unampa mtoto?"

Foleni ilikuwa ndefu, watoto wanalia, jua limeshapanda. Niligeuka. Nikamwambia asogee kwenye benchi hapo kivulini, aketi, amshike mtoto wake vizuri, halafu anieleze alitazama raundi ngapi.