Sentensi Moja ya Kweli Kila Asubuhi

Wenzangu mliokaa watatu watatu kwenye dawati moja na kujalidia madaftari kwa magazeti ya zamani, haya ninayoandika mnayajua. Nakumbuka tulipokuwa darasa la sita kijijini Busi. Vumbi jekundu la makorongo lilitupanda hadi magotini, na soksi, kwa aliyekuwa nazo, zilikuwa nyeupe siku ya kwanza ya muhula tu. Wakati wa mapumziko tulicheza rede, tukilengana kwa mpira wa matambara, mifukoni tukiwa na mahindi ya kukaanga, na aliyepatwa na mpira aligoma kutoka hadi tumtoe kwa kelele.

Kiingereza tulifundishwa na Mwalimu Hadija, mwanamke mwembamba ambaye sauti yake ilisikika hadi barabarani. Alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Tulipofika kwenye somo la mambo yaliyokwisha kufanyika, hakutupa mifano ya watu wa vitabuni na miavuli yao. Kila asubuhi kila mmoja alisimama na kutaja kwa Kiingereza kazi moja aliyoifanya nyumbani: "I have already swept the yard", yaani nimeshafagia uwanja. Aliyetoka kuimaliza dakika ile alisema "I have just". Ambaye hajaifanya alisema "not yet", na hakuchekwa. Ijumaa ilikuwa siku ya matamanio: "I have always wanted to...", kisha unamalizia jambo ulilotaka kulifanya tangu upate akili. Nusu ya darasa ilitaka kupanda treni.

Sharti lilikuwa moja: sentensi iwe ya kweli. "Kosa la Kiingereza nitalisahihisha mimi," alisema Mwalimu. "Uongo utausahihisha mwenyewe."

Na mashahidi hawakukosekana, maana kijiji kizima tulijuana. Siku moja Ramadhani alisimama, kifua mbele: "I have already tied the goats."

"Uongo, Mwalimu!" sauti ikatoka nyuma. "Mbuzi wao nimewakuta sasa hivi kwenye uwele wa babu!"

"Kimbia, Ramadhani," alisema Mwalimu. "Ukaifanye sentensi yako iwe kweli."

Alirudi anahema, miiba imejaa kwenye kaptura, akapaza sauti mlangoni: "I have just!" Iliyobaki aliisahau njiani. Tulicheka hadi dawati letu likaanguka. Wazazi nao walifurahi, kwa sababu zao. Bibi yangu, ambaye hakujua hata neno moja la Kiingereza, alisema mwalimu huyu angekuja mapema zaidi, kazi za nyumbani zisingemvunja yeye kiuno.

Atakayemaliza muhula bila sentensi hata moja ya uongo aliahidiwa kukaa na kitabu cha Mwalimu likizo nzima. Kilikuwa kitabu cha sarufi cha jalada la kijani, cha pekee kijijini. Nilikitaka kuliko gauni la sikukuu. Baba alikwisha sema kwamba nikimaliza la saba nitabaki nyumbani, kwa hiyo nilijua kitabu kile ndicho sekondari pekee nitakayoipata.

Siku ya mwisho tulibaki wawili: mimi na Rukia, jirani yetu, niliyekaa naye dawati moja. Kazi yangu asubuhi ile ilikuwa kujaza pipa. Foleni kisimani ilikuwa ndefu, na kengele ya shule ikagongwa zikiwa zimebaki ndoo mbili. Nikaiacha foleni nikakimbia.

Zamu yangu ilipofika nikasema, "I have already filled the drum."

Hakuna aliyepinga. Rukia alikuwa nyuma yangu kwenye foleni na aliniona nikiondoka. Angesema neno moja tu, kitabu kingekuwa chake. Aliinama, akawa anakwangua dawati kwa ukucha. Kisha akatoa sentensi yake ya kazi nyingine, na ya kweli.

"Basi mmefungana," alisema Mwalimu, akachana vipande viwili vya karatasi tupige kura.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, pipa halijajaa. Zimebaki ndoo mbili."

Mwalimu akampa Rukia kitabu, kisha akaniambia kwa upole, "Nenda ukazilete hizo mbili."

Nilizileta nikilia. Nilipomwaga ya pili, pipa lilifurika likanilowesha miguu.

Alasiri Rukia akaja nyumbani, kitabu kimefungwa kwenye kanga. "We mjinga kweli," alisema. "Si nilishakunyamazia?"

"Ndiyo maana."

"Haya, sogea huko tusome. Peke yangu nitalala ukurasa wa pili."

Likizo ile tulisoma tukichunga mbuzi, mmoja akisoma, mwingine akiwafukuza wasiingie shambani. Kabla shule haijafunguliwa, Mwalimu akahamishwa, akaacha maagizo kwamba kitabu ni chetu sote wawili. Sekondari sikwenda, kama baba alivyosema. Kitabu kile nilikimaliza mara tatu, na kila zoezi nililifanya kwa sentensi zangu mwenyewe.

Leo ninaishi Kikuyu, hapa Dodoma, na kazi yangu ni kuchapa na kusahihisha maandishi ya watu. Rukia ananunua na kuuza mahindi Kibaigwa. Kitabu hukaa kwake mwaka mmoja, kwangu mwaka mmoja, na hubadilisha makazi sikukuu ya Idi. Mpwa wangu Salma, ambaye anasoma chuo na anakaa kwangu, alinionyesha zoezi lake la Kiingereza juzi. Ameandika kwamba siku zote amependa kupika na kwamba ameshapika chakula cha mchana. Nilikwenda jikoni, maharage yalikuwa bado kwenye mfuko. "Jamani shangazi, ni mfano tu!" alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Sentensi zake hazina kosa hata moja. Zetu zilikuwa na makosa tele, lakini nyua zilikuwa zimefagiwa.

Mimi na Rukia bado tunatumiana sentensi moja kila asubuhi, siku hizi kwa simu. Leo yake imetangulia: ameshapakia lori. Nami nikaandika kwamba nimeshamwagilia bustani. Kabla sijaituma, nikatazama dirishani nikaona matuta mawili ya mchicha makavu.

Nikaiweka simu mezani, nikachukua ndoo. Rukia alingoja.