Mjane Achekwe kwa Nini?

Mkunga wetu hakuwa mtu wa kutahayari ovyo. Mtu aliyezoea kutukanwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa, kisha akawakabidhi watoto wao kwa tabasamu, humtishi kwa maneno. Ndiyo maana, alipokaribia kustaafu, alijiandikisha chuoni kusomea fasihi ya Kiingereza siku za Jumamosi, akakaa benchi moja na vijana ambao baadhi yao aliwapokea duniani kwa mikono yake.

Muhula ule walisoma tamthilia za kale. Katika mojawapo kulikuwa na mjane mtu mzima anayetaka kuolewa tena; vijana wanamchezea shere mpaka pazia linafungwa. Darasani walisoma kwa sauti, kila mtu na mhusika wake, na mjane akapewa mkunga, maana nani mwingine? Naye, mpenda mzaha, hakuwaangusha. Alibana sauti, akarembua macho, akatikisa kiuno. Darasa zima likavunjika mbavu, naye akacheka nao mpaka machozi.

Kicheko kilimkauka akishuka ngazi. Alikuwa amekisikia kicheko kile kile nyumbani kwake, wiki iliyopita. Dereva wa ambulensi pale hospitalini, mgane mpole aliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa ameleta posa kwake, naye mkunga ni mjane. Binti mkubwa wa mkunga akamwigiza mama yake mbele ya ndugu zake, macho akirembua, kiuno akitikisa. "Kweli ng'ombe hazeeki maini!" akasema, nyumba nzima ikaangua kicheko. Mkunga alijichekesha pia, akamwambia dereva asubiri kwanza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: mjane waliyemcheka darasani alikuwa yeye, na sasa iliuma.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya mwisho ya kuidhinishiwa mada ya insha. Asiye na mada, hana mtihani. Mhadhiri, kijana wa tai na miwani, aliisoma mada ya mkunga kwa sauti: "Mjane achekwe kwa nini?" Darasa likacheka palepale.

"Mama, hii si mada, ni malalamiko," alisema. "Andika kuhusu tamaa, au unafiki. Vitabu vya kukusaidia vimejaa maktaba."

"Sasa mwalimu, kama vimeshaandikwa, mimi niandike nini? Ninakili?"

"Lakini tamthilia yenyewe ni ya kuchekesha. Mwandishi alitaka tucheke."

"Alichotaka yeye nakijua. Nauliza sisi tunamkubalia kwa nini. Kijana akimtaka mtu, anaitwa mpenzi. Mjane akimtaka mtu, anaitwa kituko. Kakosa nini? Nionyeshe mstari."

Mhadhiri alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. "Ni vile anavyozungumza..."

"Ni vile nilivyomsoma mimi. Nilimwonea. Sasa namsoma tena."

Hakungoja ruhusa. Alisimama, akamsoma mjane kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kumweleza mzazi hali ya mtoto wake. Wachache walianza kucheka kwa mazoea, wakanyamaza. Maneno yalikuwa yale yale: mwanamke anasema nyumba ni kubwa, jioni ni ndefu, na angependa mtu wa kuzungumza naye mezani.

"Haya, andika," mhadhiri alisema hatimaye. "Ila nitasahihisha bila huruma."

"Sijaomba huruma, mwalimu. Nimeomba mada."

Nyumbani alimkuta binti yake sebuleni, miguu juu ya kochi.

"Eh, mwanafunzi! Mada umepata?"

"Nimepata. Ya mjane anayetaka kuolewa."

Binti akaangua kicheko, akaanza kurembua macho. Safari hii mama hakumsaidia kucheka. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama mpaka kicheko kikakosa pa kwenda.

"Umemaliza?"

"Nilikuwa natania tu, mama."

"Mimi sitanii. Dereva nimeshampigia. Kesho anakuja kuchukua jibu lake, na jibu ni ndiyo. Mlango utamfungulia wewe, na utamwita baba."