Jina la Mpishi

Waswaga ng'ombe wa safari ndefu hawakuwa watu wa kusumbukia majina. Mto uliowameza ndama wao waliuita Mwizi, na mahali walipolala wakapaita kwa jina la aliyewapikia. Ndivyo mji wa Pouso da Zulmira ulivyopata jina lake: kituo cha Zulmira, basi, mjane mwenye kibanda cha makuti ya buriti kwenye nyanda za juu za jimbo la Goiás, aliyekaanga maharagwe kwa mafuta ya nguruwe, unga wa muhogo na nyama kavu hadi mtu akasahau mgongo unavyomuuma. Hakuna mtakatifu hapo, hakuna jenerali. Leo mji una maghorofa, una chuo kikuu, una foleni za magari asubuhi, na nusu ya wakazi wanadhani Zulmira alikuwa mke wa gavana fulani.

Binti yake yu hai bado. Bi Ercília anakaa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha nyama, na jiko lake la gesi limesimama palepale yalipokuwa mafiga ya mama yake. Mji umekua machoni pake. Alikuja kwanza muuza chumvi, akapenda maharagwe, akajenga. Akaja padri na kengele yake. Ikaja lami, kikaja kiwanda, wakaja watu wa kaskazini-mashariki na mabunda yao kichwani wakitafuta kazi, na pale farasi walipokuwa wakifungwa pakawa benki.

Mama alipofariki Ercília alikuwa msichana mdogo tu, akashika mwiko. Wale waswaga ng'ombe hawakujishughulisha kubadili lolote. "Zulmira, ongeza pilipili!" walimpigia kelele, naye akaitika, kwa sababu kwao aliyesimama kwenye chungu ndiye Zulmira, awe nani awe nani. Aliitika jina la mama yake hadi akaolewa. Nyakati nyingine alilipenda. Nyakati nyingine lilimuuma hadi akaenda kulia kwenye mgomba nyuma ya nyumba.

Alikuwa na kaka mmoja, Ataíde. Ng'ombe walikuwa kwenye damu yake tangu utotoni. Mwaka mmoja baada ya msiba, msafara ulipungukiwa na mtu wa mkiani, yule anayepanda farasi nyuma kabisa na kula vumbi la kundi zima, Ataíde akajitolea kabla hawajamaliza kuuliza.

"Na mimi unaniachia nani?" Ercília alimuuliza, ameshika hatamu ya farasi.

"Nakuachia chungu. Wewe hutakufa njaa, mtoto we."

"Sicheki, Ataíde. Utarudije wewe? Hata herufi moja huijui."

"Kusoma sijui, lakini mdomo si ninao? Nitauliza, kwa Zulmira ni wapi? Kuna mtu asiyepajua kwa Zulmira? Hebu achia hiyo hatamu, wenzangu washafika mtoni."

Akaiachia. Hadi leo vidole vinajuta.

Mwanzoni salamu zilikuja. Kila msafara uliotoka Mato Grosso ulikuwa na mtu wa kusema: "Zulmira, kaka yako anakusalimu, amenenepa kama fahali." Kisha yakaja malori. Ng'ombe wakaanza kusafiri wamesimama kwenye magari, waswaga ng'ombe wakageuka walinzi wa mabenki na wauza aiskrimu, na salamu zikakatika.

Tangu hapo Bi Ercília alililinda lile jina kama mtu anavyolinda moto wakati wa mvua. Padri alipotaka kuupa mji jina la mtakatifu, alimfuata hadi madhabahuni. "Mtakatifu wako ana miji mingapi, Padri? Mama yangu anao huu mmoja. Mwambie asiwe na choyo." Bintiye alipohamia Goiânia na kumsihi waende wote, alikataa. Mumewe, mtu mpole aliyeendesha trekta na kusema mara moja kwa wiki, alimuuliza anangoja nini. "Akija je?" Hakuwa na jibu jingine, na mume hakuuliza tena hadi alipozikwa.

Sasa yuko na mjukuu wake, Jussara, mwanafunzi wa chuo, mwenye ulimi kama wa bibi yake. Huyo ndiye aliyemfungulia mlango diwani Evandro siku alipokuja na keki na tabasamu pana. Baraza la mji lilikuwa limeamua watu wapige kura ya kubadili jina. Wawekezaji walikuwa wanacheka, eti nani ajenge hoteli katika mji wenye jina la mama ntilie?

"Tutaitwa Bonde la Kifalme, Bi Ercília," diwani alisema. "Sikiliza linavyotamkika!"

"Bonde liko wapi, mwanangu? Hapa ni juu tambarare. Ukimwaga maji hayajui yaende wapi."

"Na mfalme je?" Jussara akadakia. "Au ni wewe, mheshimiwa?"

Diwani akacheka kwa shida. "Mama yako tutampa mtaa mzima, Bi Ercília. Mtaa mzuri, wenye taa."

"Mtu anayetoka mbali haulizi mtaa," Bi Ercília alisema. "Kula keki yako uende."

Wiki zilizofuata zilikuwa patashika. Vijana wa chuo wakavaa fulana zenye jina la Zulmira. Wauza maharagwe sokoni wakakataa kumuuzia diwani. Bi Ercília alipitishwa mitaani nyuma ya gari dogo la mizigo, kwenye kiti cha plastiki, akipunga mkono kama bibi harusi, na watu waliokuja juzi kutoka kwao walimlilia wakimwita mama. Siku ya kura sheria, inayomlazimisha kila mtu kupiga kura, ilimsamehe kwa uzee wake, lakini alivaa gauni la kanisani akaenda, akaingia peke yake nyuma ya kipande cha kadibodi kinachoficha mashine ya kura, akakawia mno hadi msimamizi akakohoa.

Jua lilikuwa halijazama matokeo yalipotangazwa. Jina la zamani lilikuwa limeshinda, tena kwa mbali. Fataki zikalia, honi zikalia, Jussara akaingia jikoni mbio.

"Bibi! Tumeshinda! Njoo uwaone, barabara imejaa!"

Bi Ercília alikuwa amekaa, mikono mapajani, machozi yanatiririka bila sauti.

"Lia tu bibi, lia. Machozi ya furaha hayazuiwi."

"Si ya furaha, Jussara. Funga mlango."

Mjukuu akafunga, kelele zikapungua kidogo.

"Nilipiga kura libadilishwe," bibi akasema.

Jussara alimtazama asijue acheke au akasirike. "Unanitania."

"Nilibonyeza kitufe kwa kidole hiki hiki. Wangelibadili, ningesema Ataíde alikuja. Alikuja hadi njia panda, akauliza, akaambiwa hapa hakuna mahali kama hapo, akarudi alikotoka. Ningemlilia kama mtu aliyepotea njia. Ningemsamehe." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sasa jina liko palepale, kubwa, kwenye barabara kuu. Halijawahi kuondoka hata siku moja. Mimi ndiye niliyelilinda likabaki pale. Nitamwombea udhuru gani tena?"

Huko nje watu walikuwa wameanza kuliimba jina la mama yake, wakipiga makofi, wakimtaka atoke.

Jussara alipiga magoti, akamshika mikono. "Bibi, labda alishakufa. Zamani sana."

"Labda," Bi Ercília akasema. "Lakini hakufa kesho yake ya kuondoka, mwanangu. Alikuwa na maisha mazima ya kurudi."