Korongo Niliyemtangaza Bila Jicho la Pili

Mpaka leo nikipita upande wa Kasungami na jumelle yangu, darubini ya kutazamia ndege, shingoni, kuna mama mmoja muuza makaa pale kwenye kona ambaye hanisalimii kama watu wanavyosalimiana, ananiuliza tu kwa upole kama kuku wangu wa Zambia hajambo, na mimi (mwalimu wa biolojia wa miaka kumi na tisa, baba wa watoto wanne, msomaji wa somo la pili kanisani) nainamisha kichwa na kujibu kwamba hajambo. Sina cha kubisha. Nilijitakia mwenyewe, na jambo lenyewe afadhali mlisikie kwangu, maana wengine wenu mmelisikia kwa watu ambao hawakuwepo na wameliongezea chumvi, ingawa kusema kweli halikuhitaji chumvi.

Mjue kwanza kwamba sisi watazama ndege wa Lubumbashi (angalau wale ninaowajua) ni watu watano. Tuna kikundi cha WhatsApp, tuna daftari moja la jalada gumu, na tuna sheria moja: ndege haandikwi wala hatangazwi mpaka jicho la pili limwone. Sheria hiyo aliileta Béatrice, muuguzi, mtu asiyepaza sauti, ambaye anaweza kusimama saa nzima akitazama ndege mwenye ukubwa wa kidole gumba. Mimi nilikuwa nikiicheka. Niliwahi kumwambia kwamba kwa sheria hiyo Nuhu angekuwa bado safinani, anangoja mtu wa pili wa kumthibitishia njiwa.

Jumapili baada ya misa ya kwanza tunakwenda huko Kasungami kwenye bwawa la zamani, lililochimbwa kwa ajili ya kumwagilia mashamba, na upande wake mmoja umejaa matete. Au niseme ulikuwa umejaa. Mwaka wa kisa hiki chef wa mtaa alitangaza kwamba matete yatakatwa ili ukingo upimwe, watu wapewe parcelle, viwanja vya kujenga, na sisi watano tulikwenda kumwomba ayaache. Hakuwa mtu mbaya, alitupa hata viti. Alisikiliza, akawaza, akaniambia: "Prof, unionyeshe kintu moja tu mu ile matete, kintu yenye bantu banaweza achia parcelle. Moja tu. Nitaongea nabo." Tangu siku hiyo sikuwa nalala vizuri. Nilikuwa natafuta hicho kitu kimoja.

Basi Jumamosi moja asubuhi nilikwenda peke yangu, na nikakipata.

Alikuwa amesimama mbele ya matete, mrefu kama mtoto wa darasa la pili, mgongo wa kijivu, shingo nyeupe, na chini ya kidevu zile nyama mbili zinazoning'inia. Korongo wa tambarare za juu, yule ambaye mtu anasafiri siku mbili kumtafuta na anarudi bila kumwona, leo yuko hapa mjini kwetu, anatembea polepole kama mkaguzi wa shule. Nikasogea, hakuruka; nikasema amechoka na safari. Nikasogea tena, hakuogopa. Nikasema ametoka pori la mbali sana, hajawahi kuona binadamu. Kisha nikaona mguuni ana kitu chekundu, na hapo ndipo akili iliponitoka kabisa, kwa sababu nilijiambia hiyo ni pete ya wanasayansi, ndege huyu amevalishwa pete Zambia, ana historia. (Elimu ni kitu kizuri, lakini mtu asiyesoma angeona kitambaa, akasema ni kitambaa.)

Nikatuma ujumbe kwenye kikundi. Béatrice alikuwa zamu hospitalini mpaka kesho yake asubuhi, akajibu mara moja: "Prof, ungoje kesho nifike, tuione pamoja, kisha uambie bantu." Nilisoma. Nilikuwa tayari nimesimama mbele ya nyumba ya chef.

Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo hivyo. Kungoja usiku mmoja tu. Nimeutafakari mara nyingi, na sitawadanganya kwamba nilifanya haraka kwa ajili ya matete. Matete yangengoja mpaka Jumapili mchana. Mimi ndiye niliyeogopa kwamba Béatrice akifika tutakuwa wawili tuliomwona, na daftari litaandika majina mawili.

Chef alifurahi kwa ajili yangu, akapitisha habari makanisani, na Jumapili baada ya misa ya pili ukingo wa bwawa ulikuwa na watu kuliko soko: wakulima wa mboga, wanakwaya bado na sare zao, wamama na mabeseni yao kichwani, na chef mwenyewe na kofia. Nikapanda juu ya kasha tupu la bia ili wanione. Korongo alikuwa palepale, Mungu alikuwa ameniwekea. Nikazungumza vizuri, hilo hata maadui zangu wanakubali. Niliwaeleza safari, niliwaeleza pete, niliwaeleza kwamba ndege kama huyu haji mahali pasipo na amani. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka neno kwa neno: "Huyu ndege hamjue muntu. Mukienda karibu ataruka, na hatarudia tena."

Korongo akageuka, akaanza kuja.

Alikuja bila haraka, akapita mbele ya kasha langu bila kunitazama, akapita mbele ya chef, watu wakimpisha njia, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mama mmoja mnene mwenye kitenge cha bluu aliyekuwa anafika mwisho, anahema, akavuta kitenge chake kwa mdomo mara mbili. Yule mama akapiga magoti palepale kwenye tope. "Directrice," alisema. "Directrice yangu, ulikuwa wapi?" Akafungua kifuko chake, akatoa bukari ya jana, ule ugali wetu, na yule ndege wa pori la mbali akala mkononi mwake tonge baada ya tonge, kwa adabu kuliko watoto wangu.

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Walikuwa wananitazama mimi. Kisha chef akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa: "Mama, hii ndege iko yako?"

"Iko yangu, chef. Bwana yangu njo aliileta ikiwa ndogo, wakati alikuwa chauffeur. Tulikata mabawa juu isiruke. Na ile kitambaa nilifunga mie, juu bantu bajue iko na mwenyewe, basiikule. Siku kumi na mbili minaitafuta."

Hapo ndipo walipocheka. Nilikuwa bado juu ya kasha. Nawaambia hakuna njia ya heshima ya kushuka kwenye kasha la bia mbele ya watu wanaocheka. Ukiruka ni vibaya, ukishuka taratibu ni vibaya zaidi. Chef alivua kofia akajifuta machozi nayo.

Lakini Mama Ngoie (ndilo jina lake) hakuwa anacheka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, ikiwa bado na bukari, akaniambia kwamba tangu mumewe afariki, ndege yule ndiye anayezunguka parcelle asubuhi kama mumewe alivyokuwa akizunguka, anaangalia mlango, anaangalia kisima, ndiyo sababu ya lile jina la mwalimu mkuu wa kike, na siku hizi kumi na mbili nyumba ilikuwa imenyamaza mno. "Prof, kama haungeitangaza, sijue. Mungu akubarikiye." Niliitikia amina. Sijawahi kubarikiwa nikiwa na aibu kiasi kile, na mpaka leo sijui kama baraka kama ile inahesabika.

Watu walipoanza kutawanyika ndipo nilipomwona Béatrice. Alikuwa mbali kwenye tuta, bado na viatu vyake vyeupe vya kazi, hakuwa ametazama korongo hata kidogo. Jumelle yake ilikuwa imeelekea ndani ya matete. Nilikwenda nikitegemea anitukane kidogo, ningepumua. Aliniambia tu, bila kugeuka: "Prof, kuya. Minakosa jicho ya pili."

Nilitazama alipoonyesha. Ndege mfumaji, mdogo, manjano, uso mweusi, ananing'inia chini ya kiota ambacho hakijakwisha na jani refu mdomoni. Ungepita bila kumwona. Mimi nilikuwa nimempita pengine Jumapili tano. Tukafungua kitabu cha ndege, tukatazama tena, tukafungua kitabu tena. Ni yule anayejulikana kwenye maji ya mto Lufira, na kwetu hapa hakuna aliyewahi kumwandika, na alikuwa anajenga. Ndani ya matete hayo kulikuwa na viota saba.

Tulimkimbilia chef. Alikuwa bado na watu wake kando ya njia, wanarudia hotuba yangu kwa zamu. Nilimweleza nikihema, safari hii polepole, bila kupamba, na Béatrice akathibitisha kila neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana nimesema hakuwa mtu mbaya. Kisha akaniuliza: "Na ile, Prof? Ile nayo iko ya nani?"

Walicheka tena, na safari hii sikuweza hata kukasirika, kwa sababu swali lilikuwa halali. Nilikuwa nimempa jana kitu kimoja alichoomba, na kilikuwa na kitambaa mguuni.

Matete yalikatwa Jumanne, yakachomwa. Moshi niliuona kutoka darasani nikiwa nafundisha jambo jingine.

Sasa singoji kuambiwa ningoje. Nikiona hata shomoro, nampigia Béatrice, na asipokuwepo nanyamaza mpaka awepo. Wakati mwingine nampelekea Directrice mahindi, Mama Ngoie ananipa kiti, naye ndege ananikagua. Na kwenye daftari, yule mdogo wa manjano ameandikwa kama sheria inavyotaka, majina mawili mbele yake, la Béatrice kwanza, kisha langu. Mstari wa chini yake tuliuacha wazi kwa ajili ya siku tutakayomwona tena, na mpaka leo uko wazi.