Godoro la Mama Mteremko

Wanafunzi walimwita Mama Mteremko, na jina likamganda. Mwalimu huyu wa hisabati hakuweza kuona kitu kimeinama akakiacha kipite. Hata kipara cha jirani alikikodolea macho mpaka mwenyewe akaanza kuvaa kofia.

Kila Jumamosi asubuhi aliwakusanya wanaopenda hesabu kuliko usingizi (wapo, msicheke) akawafundisha kalkulasi ya vigeu vingi, hesabu za miteremko ya nyuso zilizopinda, somo ambalo walimu wenzake walilikwepa kama deni. Sasa mwalimu mkuu alikitaka chumba chao kiwe cha kwaya.

"Jumamosi hii nakuja mwenyewe," alisema. "Nisipoelewa kitu, mwalimu, chumba ni cha kwaya."

Wiki nzima Mama Mteremko alikosa raha. Atamwelezaje mkuu, mtu wa historia, habari za uso wenye mabonde, ambao kila ukigeuka mteremko nao unabadilika? Jibu alilipata alfajiri, alipoamka akajikuta, kama kawaida, amebanana na mumewe katikati ya godoro. Lilikuwa godoro la tangu harusi, limebonyea hivi kwamba hata wakilala wamenuniana, asubuhi huwakuta pamoja.

"Baba watoto, ondoka. Nalipeleka shule."

"Na mimi nikiwamo?" aliuliza mumewe, fundi baiskeli, bila kufumbua macho.

Jumamosi yeye na wanafunzi wakalitandika juu ya madawati. Mama Mteremko akaweka mpira pembeni, ukabingirika hadi katikati. Mkuu akakuna kidevu.

"Mpira hudanganyika kirahisi," akasema, akapanda mwenyewe na viatu vyake. Akakaa ukingoni. Mara akaserereka hadi bondeni, miguu juu, tai usoni.

"Mkuu, usihangaike!" Mama Mteremko alipaza sauti kwa furaha. "Hapo ulipo mteremko ni sifuri kila upande. Ukisogea popote, unapanda!"

Kisha sauti ikatoka chini ya tai: "Kweli! Popote napanda! Nimeelewa! Nitoeni!"

Wanafunzi walikimbilia ubaoni kukokotoa wamvutie upande gani wenye mwinuko mdogo. Walibishana sana kabla hajatoka.

Chumba kikabaki chao, kwa sharti moja: godoro nalo libaki, maana ni kifaa cha kufundishia. Mama Mteremko alishangilia mpaka akasahau kujiuliza atalala wapi.

Mumewe akanunua jipya, tambarare kama ubao. Jioni hiyo wakajilaza kulijaribu. Kila mmoja akabaki ukingoni kwake, katikati uwanja mtupu. Mama Mteremko alisubiri kuteleza, hakuteleza. Akapapasa ule uwanja kwa mkono, akajishangaa.

"Baba watoto, hapa hakuna bonde."

"Naona," fundi baiskeli alijibu. "Kumbe miaka yote lile godoro lilikuwa linatufanyia kazi. Haya, sogea. Mimi huku nimeshaanza."