Kitanda cha Mtoto Alichoagiza Wifi

Seremala alikileta mwenyewe, amekibeba kichwani, akapita nacho mlangoni kwa ubavu huku akijisifia kwamba ameficha misumari yote. Kilikuwa kitanda cha mtoto mchanga, cha mbao nyepesi, vijiti vyake vimepigwa msasa mpaka vikawa laini. Akakiweka kati ya kochi lililovuliwa kitambaa na rundo la mabaki ya sponji, akasema kilichobaki ni godoro tu.

Mwenye karakana hiyo walimwita Mama Sponji. Mtoto hakuwa naye. Jina alipewa na watani wa mtaani kwa sababu kutwa alionekana amekumbatia sponji, na alipowafokea mwanzoni ndipo likamganda. Kazi yake ilikuwa kuvalisha makochi na kushona magodoro, na hakukuwa na mtu mtaani hapo aliyeweza kuvuta kitambaa kikakaa kwenye kona bila mkunjo kama yeye. Siku hiyo tumbo lake lilikuwa limekua kiasi kwamba ilimbidi asimame upande ili aifikie meza ya kukatia.

Akakipima kitanda kwa utepe, akauliza ni cha nani.

"Kwani hujui?" seremala akacheka. "Ni cha wifi yako. Kasema anatarajia mtoto kabla mvua hazijaanza. Nikamwambia hongera, lakini mbona tumbo silioni? Akasema mtoto wake anapitia mlango mwingine."

Seremala alikuwa mtu wa maneno mengi na roho safi, na alichosikia alikisema kama alivyokisikia. Alipoona utepe umetulia mkononi mwa Mama Sponji, kicheko kikamkauka. Akakumbuka kwamba ameacha gundi kwenye moto, akaaga.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mume wake. Aliolewa zamani, akasubiri mtoto mpaka watu wakaacha kumuuliza. Katika familia ile mwaka huo tumbo lilikuwa moja tu, na tumbo hilo lilikuwa limeegemea meza ya kukatia vitambaa. Mama Sponji hakuhitaji kufafanuliwa. Aliutupa utepe juu ya rundo la sponji.

Chanzo cha yote kilikuwa ugonjwa uliompata mwanzoni mwa ndoa. Utumbo ulijisokota, akapelekwa hospitali tumbo likiwa gumu kama ubao, na walipompasua wakakuta sehemu imeshaoza. Wakaikata. Ncha ya utumbo uliobaki wakaitoa nje, kushoto kwa kitovu, na tangu siku hiyo haja kubwa ikawa inapita hapo na kuingia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Alipouliza ni lini watamrudisha kama zamani, walimwambia hawatamrudisha. Alilia machozi yake yote akamaliza, kisha akajifunza: kuosha, kukausha, kukata tundu kwenye kibandiko lilingane na ncha ile, kinundu chekundu chenye unyevu kama ndani ya mdomo. Hakikumuuma. Mfuko ukishikilia vizuri hautoi harufu, na wateja walikaa naye wakibishana kuhusu rangi za vitambaa bila kujua lolote.

Familia ya mume ndiyo iliyojua. Mama mkwe alimtengea kikombe chake cha chai, na kila Mama Sponji alipokwenda kusalimia, alikuta kimewekwa peke yake pembeni ya sinia. Hakuna aliyemtolea neno. Ni kikombe tu, lakini kilimtukana kuliko mdomo.

Na mume je? Mume alikuwa kinyozi, mwenye mdomo wa asali mbele ya wateja, lakini akifika nyumbani anafyata ulimi. Alimpenda mkewe, hilo hata maadui hawakulipinga. Ila mkewe alipofunua tumbo abadilishe mfuko, yeye alitoka nje kuangalia kama mvua itanyesha. Hata kiangazi.

Mimba ilipoingia, Mama Sponji alikwenda kliniki na furaha yake ameificha kwenye pochi. Muuguzi aliyempima alifunua nguo, akaona mfuko, akarudi nyuma hatua moja. Akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la wanaosubiri, "Nani alikuruhusu wewe kubeba mimba?"

"Kwani nyinyi huwa mnaomba ruhusa kwa nani?" Mama Sponji akamjibu.

Benchi zima likakohoa ili lisicheke. Daktari wa upasuaji, mama mtu mzima mwenye miwani mizito, ndiye aliyemtuliza baadaye. Akamweleza kwamba kilichohamishwa ni njia ya choo. Njia ya mtoto haijaguswa. Afuatiliwe kwa karibu, anywe maji mengi, na mfuko ukikaa mtupu huku tumbo linamkata, asingoje, akimbilie hospitali. Basi. Mama Sponji alirudi nyumbani akamweleza mume neno kwa neno, na mume akayapeleka kwa mama yake. Yaliyorudi kutoka huko hakuambiwa. Aliyasikia sasa, kutoka kwa seremala.

Alifunga karakana mchana kweupe. Akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kinyozi, akamkuta mume ana mteja kitini, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa. Akamwambia azime mashine. Mume akatazama uso wake mara moja, akaizima.

"Kuna kitu cha kubeba," akamwambia. "Kinatosha kichwani."

Mteja akauliza na kichwa chake itakuwaje.

Ndivyo walivyopita mtaani: kinyozi mbele na kitanda kichwani, mkewe nyuma yake, tumbo limetangulia na uso umekunjamana. Watani waliokuwa wameandaa mdomo waliufunga. Mume alijaribu kuuliza wanakwenda wapi, na alipoona njia imekunja kwenda kwa mama yake hakuuliza tena. Hapo ndipo Mama Sponji alipojua kwamba mumewe alikuwa anajua.

Walimkuta mama mkwe sebuleni na wifi wakichambua nguo za kitoto, nyeupe na za njano, zimepangwa juu ya kochi. Kitanda kilipotua sakafuni wifi alishika mdomo. Mama mkwe yeye alijiweka sawa, akavuta khanga begani, akaanza kwa upole ule wa watu waliokwisha kuamua.

"Mkwe wangu, hakuna aliyetaka kukuibia. Tulitaka kukupunguzia mzigo. Na hali yako hiyo, utanyonyesha saa ngapi, utajisafisha saa ngapi? Mtoto mchanga anataka mikono safi."

Mpaka hapo Mama Sponji alikuwa amekusudia kuongea kwa adabu. Neno lile la mwisho liliikata adabu kama wembe.

"Hilo kochi ulilokalia, mama, lilivalishwa na mikono hii," akasema. "Na godoro unalolalia. Hizo siku zote hukuinuka ukaenda kujiosha."

Akaendelea, na aliyoyasema siku ile mtaa uliyapokea kupitia dirishani na kuyahifadhi vizuri. Aliwaambia kwamba wao wanabeba kilekile anachobeba yeye, tofauti yake ni kwamba cha kwake kinaonekana. Aliwaambia ameinywa chai ya kikombe cha mkosi bila kulalamika, akidhani subira itawalainisha, kumbe subira yake waliihesabu kuwa ridhaa. Alimwambia wifi kwamba uchungu wake wa kukosa mtoto anauona, na kama angekuja kuulilia kwake wangelia wote. Lakini hakuja, alikwenda kwa seremala. Wifi machozi yakamdondoka juu ya nguo za njano.

Kisha akamgeukia mume, aliyekuwa bado amesimama mlangoni.

"Ulijua?"

"Mama aliniambia," mume akasema. "Sikukubali."

"Ulikataa?"

Kinyozi akatazama vidole vya miguu yake.

"Hukukubali, hukukataa. Ulinyamaza, wakanunua nguo." Sauti yake ilishuka, na iliposhuka ikatisha zaidi. "Uliweza kunipa mimba tundu likiwa papo hapo. Kulitazama ndiyo huwezi."

Hayo ni maneno ambayo mke hayasemi mbele ya mama wa mumewe, na mama mkwe alijifunika uso kwa khanga kama aliyemwagiwa maji. Mama Sponji aliona, na hakujutia. Alimwambia mume akiinue tena kitanda. Wifi, bila kuinua macho, akasema taratibu, "Kichukueni."

Nyumbani alimwelekeza pa kukiweka, halafu akamwelekeza mlango. Kama kunyamaza ndiko anakokupenda, akanyamaze na vioo vyake kibandani. Kinyozi alilala kule siku kadhaa, kwenye kiti cha kunyolea, akaamka kila asubuhi shingo imepinda, na wateja wakamtania kwamba sasa anawanyoa kwa kuinama upande mmoja. Mama mkwe alituma ujumbe kwamba hasira itamdhuru mtoto. Mama Sponji akamjibu mjumbe kwamba mtoto ameshaizoea, anacheza vizuri tu.

Lakini ukweli usiosemwa ni kwamba alikuwa anataabika. Tumbo lilivyopanuka, kile kinundu nacho kilitanuka kikawa cha mviringo mrefu, na kikageukia chini ambako macho yake hayakufika. Matundu aliyozoea kukata yakawa yanabana. Mifuko ikabanduka. Siku moja mfuko ulibanduka akiwa kwa mteja, anapiga pini mkono wa kochi, akalazimika kusema anaumwa na kukimbia. Nyumbani alisimamisha kioo juu ya ndoo, akakiegemeza ukutani, akajipinda kama msumari uliogoma, na bado alikuwa anabandika kwa kubahatisha. Ngozi pembeni ikachubuka na kuwaka moto. Alimlaani kinyozi kwa kila namna aliyoijua, kisha akabuni nyingine.

Asubuhi moja kinyozi alikuja kuchukua nguo zake. Akasikia kioo kikianguka bafuni, na mkewe akilia kile kilio cha hasira kisicho na sauti. Akagonga.

"Ingia au ondoka," mkewe akasema. "Ila usisimame mlangoni."

Akaingia. Akapiga magoti sakafuni palipolowa, na kwa mara ya kwanza akatazama.

"Ni kidogo hivi tu?"

"Ulidhani ni nini?"

Akakiri kwamba miaka yote hiyo aliwazia kidonda kikubwa, kinachovuja damu, na kwamba akikiona atamwona mkewe kama maiti. Mama Sponji alimwambia ujinga huo angeutibu siku moja tu kwa kufumbua macho. Akamfundisha: osha kwa maji ya vuguvugu, kausha kwa kugusa, usisugue, vinyweleo vya pembeni vipunguzwe ili kibandiko kishike. Kwenye vinyweleo kinyozi alikuwa amefika kwenye fani yake. Alivipunguza kwa mkono mwepesi, akapima, akakata, akabandika, akashikilia kiganja chake juu ili gundi ipate joto. Mfuko ukakaa imara mpaka kesho yake.

Mama Sponji hakumshukuru. Mtu hashukuriwi kwa kufika kazini akiwa amechelewa miaka. Alimruhusu tu arudi, na tangu siku hiyo kubandika ikawa kazi yake kila ilipohitajika, na mvua ikawa inanyesha bila kuangaliwa.

Uchungu ulipoanza, ni kinyozi aliyempeleka. Daktari kijana wa zamu alitazama tumbo kutoka mbali, akasema apelekwe moja kwa moja kupasuliwa. Mama Sponji akauliza kwa sababu gani. Kijana akasema, kwa sababu ya hali hiyo. Kabla mgonjwa hajafungua mdomo, kinyozi ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba daktari wao alishaeleza kwamba njia ya mtoto haijaguswa, na hawasogei mpaka aitwe. Akaitwa. Mama wa miwani akampima, akasema asukume.

Akasukuma. Mfuko ulijaa katikati ya kazi, na mkunga akaubadilisha bila kukunja uso, kama anayebadilisha foronya. Hilo Mama Sponji alilikumbuka kwa muda mrefu, kwamba kumbe inawezekana. Mtoto akatoka, wa kike, ngumi zimefungwa, analia kwa hasira kama mwenye kesi. Kinyozi akasema huyo hajamfuata yeye.

Mama mkwe alifika siku ya pili baada ya wao kurudi nyumbani. Alikaa muda mrefu na chai yake, katika vikombe vya mwenye nyumba vinavyofanana vyote, kabla hajasema kwamba alikuwa na hofu. Mama Sponji akamjibu kwamba hofu hiyo alipaswa kumletea yeye mwenyewe. Hakupewa mtoto siku hiyo. Alipewa wiki iliyofuata, akampakata akiwa ameketi, mkwewe amesimama pembeni.

Wifi alikuja peke yake baadaye, mikono mitupu, akaomba kumshika. Alipewa bila masharti, ila moja: mtoto anashikwa hapa, analala hapa. Akawa anakuja mara kwa mara. Wakati mwingine wanawake hao wawili walikaa karakanani bila kuongea, mmoja anavuta kitambaa, mwingine anabembeleza. Usuluhishi haukuwepo rasmi, na hasira ya Mama Sponji haikuisha. Ilipoa tu juu kama uji. Ukitia kidole ndani utajua.

Mtoto alipoanza kutambaa kati ya mabaki ya sponji, mama mkwe alijikohoza siku moja, akauliza kwa mzunguko kama wanafikiria kumwongezea mwenzake, au basi, kwa hali ilivyo, wameridhika na huyu.

"Ukiniona nimevimba, mama, utajua," Mama Sponji akasema, pini zikiwa midomoni. "Na ukiwa na lako la kusema, niulize mimi. Mimi ndiye nitakayevimba."

Mama mkwe akainama kumfuta mtoto makamasi. Akasema amesikia.